Picha ya vita, kifaru cha makumbusho au karatasi: ushike kipi unapojenga modeli?

"Kaka, boksi limeshafika. Ni Tiger, skeli ya 1:35. Sasa nifuate picha za vita au hizi za makumbusho?"

Kijana aliyeniandikia hivyo anaishi Tanga, na kifaru chake cha kwanza alikijenga kwa kuangalia mchoro wa juu ya boksi tu. Nilimjibu kwa swali: Tiger ipi, ya mwezi gani, ilikuwa wapi? Akaniambia Tiger ni Tiger. Nikaona afadhali niandike kwa kirefu, maana swali lake wengi tunalo, na jibu la neno moja lingemharibia kazi.

Tiger ni kifaru kizito cha Ujerumani cha Vita Kuu ya Pili. Ya kwanza ilitoka kiwanda cha Henschel, mjini Kassel, Agosti 1942, na ya mwisho Agosti 1944. Katika miaka hiyo miwili vilitengenezwa vifaru kama 1,350, na kiwanda hakikuacha kubadilisha. Kofia ya kamanda, ile ya juu kabisa anapochungulia mkuu wa kifaru, mwanzoni ilikuwa mfano wa pipa lenye nyufa za kutazamia. Julai 1943 ikaja ya chini zaidi yenye periskopu. Magurudumu yalikuwa na mpira ukingoni hadi mwanzoni mwa 1944, ndipo yakaja ya chuma tupu. Halafu kuna Zimmerit, ile pasta ya kuzuia mabomu ya sumaku, ambayo ukiitazama ni kama lipu mbichi iliyopitishwa kitana. Ilianza kupakwa nusu ya pili ya 1943. Sasa mtu akinionyesha Tiger ya Tunisia iliyopakwa Zimmerit, sihitaji kuuliza zaidi: majeshi ya Ujerumani na Italia yalisalimu amri Tunisia Mei 1943, kabla pasta hiyo haijafika kwenye kifaru hata kimoja.

Kwa hiyo hakuna "Tiger" ya kujenga. Kuna Tiger fulani, siku fulani. Ni kama Hiace ya daladala. Gari ni lilelile la miaka yote, lakini ukitaka kulichora lilivyokuwa 2010 likipiga njia ya Mbagala, huwezi kwenda kulipiga picha leo. Limeshapakwa rangi mara mbili, bampa si lake, taa ya kushoto imetoka kwenye gari jingine, na jina lililoandikwa kioo cha nyuma ni la tajiri wa tatu.

Mfano nitakaoutumia ni kifaru kimoja, Tiger namba 131, kwa sababu kinavyo vyote vitatu tunavyovilinganisha: picha za wakati wa vita, chenyewe kipo makumbusho, na karatasi zake, yaani amri na ripoti za jeshi, zipo.

Maisha ya kifaru 131

Kilitoka kiwandani Februari 1943, kikaenda Tunisia na kikosi cha 504 cha vifaru vizito. Aprili mwaka huohuo kilipigwa na makombora ya mizinga ya paundi 6 ya Waingereza. Kombora moja liligonga bomba la mzinga, likateleza hadi pale kichwa, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, kinapokutana na bodi, na kichwa kikakwama kuzunguka. Askari wake wakaruka nje wakakiacha. Waingereza wakakichukua, wakakitengeneza kwa vipuri vya Tiger nyingine zilizoharibika, na kilipokuwa Tunis, Mfalme George wa Sita na Winston Churchill walikwenda kukikagua. Oktoba kikafika Uingereza, Novemba kikawekwa hadharani Horse Guards Parade mjini London, kisha mafundi wa jeshi wakakifungua ili kukichunguza. Makumbusho ya Vifaru ya Bovington yalikabidhiwa kifaru hicho Septemba 1951. Mwaka 1990 kiliondolewa kwa matengenezo makubwa, kikarudi Desemba 2003 kikitembea kwa injini, na 2012 kikamaliziwa kwa kupakwa rangi upya.

Hesabu mwenyewe ni mara ngapi kimeguswa. Kilichotembea pale kwenye miamba ya Tunisia na kilichopo Bovington ni chuma kilekile, lakini juu ya chuma hicho kuna miaka themanini ya mikono ya watu. Hilo halikifanyi kifaru cha makumbusho kuwa shahidi mbaya. Ni shahidi wa baadhi ya mambo, na si wa mengine.

Umbo na vipimo: hapa makumbusho yanashinda, na yanashinda kwa mbali

Ukitaka kujua unene wa bamba, mkunjo wa madigadi, jinsi mshono wa kuchomelea ulivyojaa kwenye pembe, au bolti ngapi zinashika kifuniko fulani, usihangaike na picha ya 1943. Picha ya vita ilipigwa na mtu mwenye haraka, mara nyingi jua likiwa kali na vumbi limetanda, na nusu ya kifaru iko kivulini. Picha za makumbusho zimepigwa na maelfu ya wageni kutoka kila upande, hadi chini ya tumbo. Chuma hakijabadilika unene. Mbele ya bodi ilikuwa milimita 100, na leo ni milimita 100.

Vipimo vikuu ninavyovibandika ukutani mbele ya meza yangu ni hivi. Upana wa Tiger ikiwa na minyororo ya vita ni kama mita 3.7, sawa na milimita 106 kwa skeli ya 1:35, yaani ukigawa kwa 35. Mnyororo wa vita una upana wa milimita 725, yaani 20.7 kwa 1:35 na 10 kwa 1:72. Mnyororo mwembamba wa kusafirishia kwa treni ni milimita 520, yaani karibu 15 kwa 1:35. Kipenyo cha gurudumu ni milimita 800, yaani 22.9 kwa 1:35. Chukua rula, pima plastiki kabla hujafungua gundi. Nimewahi kushika boksi ambalo magurudumu yake yalikuwa madogo kwa milimita nzima, na kwenye kifaru kidogo namna hiyo milimita nzima inaonekana kwa macho.

Kipimo cha gurudumu nakipenda kuliko vyote kwa sababu ndicho daraja kati ya makumbusho na picha. Tuseme una picha ya vita iliyopigwa ubavuni, na kuna sanduku la bati limefungwa pale ambalo halimo kwenye boksi lako. Pima gurudumu kwenye kioo cha kompyuta: labda ni milimita 32. Kwa hiyo kila milimita ya kioo ni milimita 25 za kweli. Pima sanduku: 24. Basi lilikuwa na urefu wa sentimita 60, na kwa 1:35 unakata plastiki ya milimita 17. Inafanya kazi iwapo sanduku na gurudumu viko usawa mmoja na kamera haikuelekea upande. Kikiwa kimegeuka hata kidogo, kitu kilicho karibu na kamera kitaonekana kikubwa kuliko haki yake, na hesabu yote inapinda.

Siku ile kilikuwaje: picha ya vita, na hakuna mpinzani

Mambo ambayo makumbusho hayawezi kukuambia ndiyo yanayofanya modeli iwe na uhai. Madigadi ya mbele yalikuwepo au yameshang'oka? Nyaya za kuvutia zimelala upande gani? Askari wamefunga nini nyuma ya kichwa, ndoo, turubai, dumu la maji? Namba imechorwa wapi hasa, na kwa mkono wa nani? Kifaru kikiingia makumbusho, hayo yote hutoweka siku ya kwanza. Vitu vya kubebeka huchukuliwa na askari walioteka, kama ilivyo desturi ya vita vyote.

Nichukue jambo moja tulitazame kwa karibu. Tiger za Tunisia zilikuwa na mabomba ya moshi ubavuni mwa kichwa, matatu kila upande, na nyuma zilibeba machujio ya hewa ya Feifel yenye mipira minene inayopita juu ya injini, kwa ajili ya vumbi. Boksi litakupa vyote. Lakini vifaru vilivyopigana majuma kadhaa vilipoteza vitu, vikapinda vitu, vikafungwa vipuri vya mnyororo mahali ambapo kiwanda hakikupanga. Picha pekee ndiyo itakayokuambia kwamba kwenye kifaru hiki bomba la pili limepinda na mpira mmoja haupo. Ukiunganisha vyote vikiwa vizima umejenga kifaru cha kiwandani, si kile cha Aprili.

Picha nazo zina hila zake, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Kwanza, picha iliyogeuzwa. Filamu ikiwekwa upande usio wake wakati wa kusafisha, kulia kunakuwa kushoto. Kwenye Tiger ni rahisi kugundua: dereva hukaa kushoto, bunduki ya mbele ya bodi iko kulia kwake. Ukikitazama kifaru uso kwa uso, bunduki hiyo lazima iwe upande wako wa kushoto. Ikiwa kulia, picha imegeuzwa, na kila ulichokinakili humo kihamishie upande wa pili. Kofia ya kamanda pia iko upande wa kushoto wa kichwa, hivyo una ushahidi wa pili.

Pili, maelezo yaliyoandikwa chini ya picha. Yaliandikwa na maofisa, wakati mwingine mbali na tukio, na mengine yalipita kwa wakaguzi waliofuta alama za vikosi makusudi. Amini chuma kilichomo kwenye picha kabla ya maneno yaliyo chini yake.

Tatu, picha zilizotiwa rangi juzi kwa kompyuta. Zinapendeza, zinasambaa, na hazina thamani yoyote kwetu. Rangi iliyomo ni makisio ya programu au ya msanii. Nasema hivyohivyo kuhusu picha zinazotungwa na mashine kuanzia mwanzo: hesabu magurudumu yake tu, mara nyingi utaona hayalingani.

Ukitaka picha zenye asili inayojulikana, nenda kwenye chanzo chenyewe. Imperial War Museum ya London imeweka mkusanyo wake mtandaoni, na herufi iliyo mbele ya namba inakuambia ulipo: NA ni Afrika Kaskazini upande wa Tunisia na baadaye Italia, E ni jangwa la Misri na Libya, H ni ndani ya Uingereza, Q ni Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo 131 ikiwa imesimama London ni ya kutafutwa kwenye H, na ikiwa Tunisia ni NA. Bundesarchiv ya Ujerumani nayo mwishoni mwa 2008 ilitoa zaidi ya picha 80,000 kwa Wikimedia Commons, na hapo huhitaji kulipa wala kujisajili. Zile zilizopigwa na wapiga picha wa propaganda wa jeshi zina namba inayoanza na Bild 101I. Shusha faili kubwa kabisa hata kama litakula bando. Picha iliyopita kwenye makundi matano ya simu imeshapoteza bolti zote.

Rangi: hapa picha inanyamaza, makumbusho yanakisia, karatasi ndiyo inayozungumza

Namba 131 kwenye kichwa cha kifaru hicho ni nyekundu yenye ukingo mweupe. Lakini filamu za zamani zisizohisi wekundu, zile zinazoitwa ortokromatiki, huonyesha nyekundu kama nyeusi. Aliyekuwa na picha ya namna hiyo peke yake angechora namba nyeusi na kuapa kwamba ameiona kwa macho yake. Vivyo hivyo rangi mbili za mchanga na kijani zenye mng'ao unaokaribiana huweza kuonekana rangi moja kabisa. Picha nyeusi na nyeupe inaweza kukuambia kwamba kuna rangi mbili, na mpaka kati yake umekaa wapi. Ni rangi gani, haiwezi.

Makumbusho je? Nilipojenga 131 yangu ya kwanza nilichanganya rangi kwa kulinganisha na picha za wageni. Nilikuwa na picha nne, mbili za mchanga uliopauka na mbili zenye ukijani, na nikadhani tofauti ni kamera na mwanga wa ukumbini. Nilikaa majuma mawili nikiongeza tone hili na tone lile kutafuta katikati. Baadaye ndipo nilipopata tarehe za picha: mbili zilikuwa za kabla ya 2012 na mbili za baadaye. Nilikuwa nachanganya rangi mbili tofauti kupata ya tatu ambayo kifaru hakijawahi kuwa nayo maishani mwake. Tangu siku hiyo kila picha ya makumbusho ninayoihifadhi naandika mwaka kwenye jina la faili.

Karatasi ndiyo iliyoninusuru. Jeshi la Ujerumani lilitoa amri za rangi, na amri hizo zina tarehe. Machi 17, 1941, vifaru vya Afrika vilitakiwa kupakwa RAL 8000 (RAL ni orodha ya Kijerumani ya rangi zenye namba), kahawia ya manjano, pamoja na RAL 7008, kijivu kinachoelekea kijani. Machi 25, 1942 amri ikabadilika: RAL 8020 na RAL 7027, ila akiba ya rangi za zamani imalizwe kwanza. Februari 18, 1943 ikaja amri ya manjano ya Dunkelgelb kwa vifaru vyote. Sasa tazama 131 ilipotoka kiwandani: Februari 1943, mwezi uleule wa amri ya tatu, na neno "akiba imalizwe kwanza" bado likiwa na nguvu. Ndiyo maana wajenzi hubishana juu ya kifaru hiki hadi leo. Lakini ni ubishi wenye mipaka. Mtu akikuletea 131 ya kijivu cheusi cha Ulaya, karatasi zinamkatalia.

Kuna karatasi nyingine ambazo hutaziona kwenye boksi. Waingereza walipokifungua kifaru hiki huko kwao, Chobham, shule yao ya ufundi wa vifaru iliandika ripoti ndefu yenye vipimo, picha na michoro, iliyokamilika mapema 1944. Hiyo ni karatasi iliyozaliwa na 131 yenyewe. Ilinganishe na kitabu maarufu cha mafunzo cha askari wa Tiger, Tigerfibel, kilichotolewa Agosti 1, 1943: kina mashairi na vikatuni, kinafundisha vizuri jinsi askari alivyotakiwa kuitunza injini na kulenga shabaha, lakini kilitoka miezi mitatu baada ya vita vya Tunisia kwisha. Karatasi nayo ina umri wake. Uliza tarehe ya karatasi kama unavyouliza tarehe ya picha.

Hata karatasi rasmi zimewahi kupotoka juu ya kifaru hiki. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba kilitekwa Djebel Djaffa, Aprili 21, 1943. Utafiti wa baadaye umehamisha tukio hadi Gueriat el Atach, Aprili 24. Kwa anayejenga kifaru kikiwa peke yake juu ya ubao, siku tatu si kitu. Kwa anayejenga na ardhi yake, mawe na mteremko, ni kilima kingine kabisa.

Michoro ya pande nne na picha za rangi za wasanii

Hivi nitavipita upesi. Mchoro mzuri wa skeli unasaidia kuona kosa la boksi kwa kulaza plastiki juu yake, na nautumia. Lakini aliyechora naye alikuwa mbele ya vyanzo vilevile vitatu, na alipokosa kitu alikijaza. Ukikuta bolti kwenye mchoro ambazo hazipo kwenye picha wala kwenye chuma, ziache. Kurasa za rangi za wasanii, zile zinazoonyesha ubavu mmoja tu wa kifaru kikiwa safi, nazichukulia kama pendekezo la mtu mwenye uzoefu, basi.

Filamu za sinema ziweke mbali zaidi. Filamu ya vita ya 2014 aliyoigiza Brad Pitt ilitumia 131 yenyewe kutoka Bovington, na wengi wamejenga modeli kutoka kwenye filamu hiyo. Lakini Sherman, kifaru cha Kimarekani cha wahusika wakuu, ilikuwa M4A2 ya dizeli ikiigiza kama M4A3, na sehemu ya juu ya injini ya vifaru hivyo viwili haifanani. Anayetaka M4A3 ya kweli atapata faida zaidi kwenye kitabu cha jeshi la Marekani TM 9-759, ambacho nakala zake za skani zinapatikana bure.

Tuje upande wa Taveta

Nisingependa msomaji aondoke akidhani mpangilio huu ni wa kudumu. Kuna gari lililopita kwetu ambalo linapindua hesabu.

Mwaka 1916, majeshi ya Uingereza yalipokuwa yakisukuma kutoka Taveta kuizunguka Kilimanjaro kuingia Afrika Mashariki ya Kijerumani, yalikuwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce. Chesisi ilikuwa ya Silver Ghost, gari la matajiri, juu yake mabamba ya chuma na kichwa cha mviringo chenye bunduki ya Vickers inayopozwa kwa maji. Hilo lilikuwa toleo la 1914.

Ukienda kutafuta gari hilo makumbusho, utafurahi haraka mno. Bovington wanalo Rolls-Royce. Ireland, kambi ya Curragh, wanalo jingine linaloitwa Sliabh na mBan, lililokuwa kwenye msafara wa Michael Collins, kiongozi wa Ireland, siku aliyouawa, Agosti 22, 1922. Yote mawili ni mazima na yamepigwa picha kila pembe. Na yote mawili ni ya toleo la 1920. Toleo la 1914 lilikuwa na magurudumu ya spoku za waya, ya nyuma yakiwa mawili mawili kila upande. La 1920 lina magurudumu ya sahani za chuma, na kinga ya rejeta yake ni nyingine. Anayenakili gari la Bovington na kuliweka kwenye vumbi jekundu la Taveta amelitanguliza miaka minne. Hapa picha za herufi Q ndizo za kuanzia na kumalizia, na gari la makumbusho linabaki la kukusaidia mkunjo wa bamba na umbo la kichwa tu.

Na kwa vita vya pili, wapo wenzetu wenye kitu ambacho Bovington hawana. Wazee waliokwenda na KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) Abyssinia 1941, Madagascar 1942 na Burma 1944 walirudi na picha, na baadhi ya picha hizo zina lori nyuma ya askari aliyesimama. Kama kwenu kuna albamu ya babu, omba kwa heshima, piga skani mbele na nyuma, maana nyuma ndiko kulikoandikwa mahali na mwaka. Picha yenyewe irudishe ilikokuwa.

Uchague kipi

Kama muda wako ni mdogo na unajenga kifaru chochote cha aina hiyo bila siku maalumu, chukua makumbusho kuwa mwongozo, kagua tarehe za mabadiliko ya kiwandani ili usichanganye kofia ya 1942 na magurudumu ya 1944, na uwe na amani.

Kama unajenga kifaru fulani chenye namba, anza na picha moja tu ya vita, iliyo wazi, na uifanye kuwa sheria. Kila kinachoonekana humo kifuate hata kama makumbusho yanasema vingine. Kisichoonekana, ubavu wa pili kwa mfano, ndicho ukakitafute makumbusho. Rangi itoe kwenye karatasi. Nimejaribu kuanza na makumbusho kisha kusahihisha kwa picha, na kila mara nimejikuta nikibandua nilichokwisha kubandika.

Kama unachopenda ni makovu, yaani kifaru kilichopigwa, 131 ni bahati isiyopatikana mara mbili: alama za makombora ziko kwenye chuma mpaka leo, ile ya chini ya bomba la mzinga na ile ya kwenye pete ya kunyanyulia kichwa. Hapo nenda makumbusho kwanza, kwa sababu picha ya 1943 haionyeshi kina cha kovu wala jinsi ukingo wake ulivyoviringika.

Na kama bando ndilo linaloamua, Wikimedia usiku, mafaili makubwa matatu au manne kwa wakati, yanatosha kujenga miezi miwili.

Kijana wa Tanga amechagua 131, Aprili 1943. Juzi alinitumia picha ya meza yake. Kofia ya periskopu iliyokuja kwenye boksi ameikata, akaitia kwenye bahasha na kuandika juu yake "baada ya Julai", na pembeni ameegemeza picha ya Tunisia aliyoichapisha kwa karatasi ya A4, akiwa amezungushia kwa wino mwekundu madigadi ya kulia. Aliniuliza kama yamepinda au ni kivuli. Nimeitazama kwa siku mbili, na leo asubuhi nimemjibu kwamba yamepinda.